Vidole Viwili, Jawabu Sita

Wadogo zangu,

Nimestaafu nina miaka thelathini na tatu. Chekeni mmalize, kisha tuendelee. Wenzangu husubiri nywele ziwe nyeupe, mimi iliondoka sauti. Miaka kumi na moja ya kupaza sauti mbele ya watoto wa miaka minne, mitano na sita ilinikausha koo, na daktari akaniambia nichague moja: nisomeshe, au niwe na sauti ya kusemea na watu nikizeeka. Nimechagua sauti. Sasa nakaa nyumbani Malindi, hapa hapa mjini, nazungumza kidogo kidogo, na mengine nayaandika.

Haya ninayokuandikieni nyinyi wawili mtakaolishika darasa langu pale Mtoni, kaniagiza Bi Mwanajuma. Mtamzoea. Ndiye mwalimu mkuu, ndiye mpishi wa uji, na funguo zote za skuli zimo kwenye kibindo chake. Aliniambia, "Waandikie ulivyokuwa ukisomesha hesabu. Usiwaandikie ya vitabuni, ya vitabuni watayakuta huko huko." Nikamuuliza kurasa ngapi. Akasema, "Mpaka uishe maneno." Mtu kama mimi ukimwambia mpaka uishe umemtesa. Huu ukurasa wa kwanza nauandika mara ya nne. Mara ya kwanza mwandiko uliinama, mara ya pili niliona najisifu, mara ya tatu niliona najidhili mno. Huu nautuma hivi hivi.

Nianze na baya, msije mkalisikia barabarani. Mwaka wangu wa nne kazini, karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu ilitaka kumzuia mtoto asiingie darasa la kwanza. Niliandika kwamba hajui kuhesabu. Mtoto yule alikuwa akijua kuhesabu kuliko wenzake wote. Nitafika huko. Lakini hamtafahamu nimekosaje mpaka mjue nilikuwa mwalimu wa namna gani.

Chuo cha ualimu sikukiona. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakunipeleka popote, na Bi Mwanajuma akanichukua nimsaidie kuosha vikombe. Mwalimu wa darasa la watoto alipoolewa akahamia Pemba, nikaambiwa nishike mimi mpaka apatikane mwengine. Mwengine hakupatikana. Nikajisomesha mwenyewe kwa video za simuni, bando likiisha nasubiri hadi wiki ijayo. Kila nilichokiona kule nilikifanya vile vile, kwa hofu kwamba nikibadilisha kidogo tu kitaharibika.

Nilichora chati ya namba kwa rangi saba, nikaipiga plastiki ili isichafuke. Mtoto akitaka kuigusa, namwambia, "Angalia kwa macho." Nilikata picha za watu wa theluji watano nikazibandika ukutani, kwa sababu kwenye video walikuwa watu wa theluji watano. Watoto walizitazama siku mbili. Siku ya tatu mmoja akauliza, "Mwalimu Nuru, hawa watu wa unga wamefanya nini?" Mimi mwenyewe theluji sijaiona ila kwenye friza la duka.

Lakini walikuwa wakiimba. Moja mpaka ishirini, darasa zima, sauti moja, mpaka wapita njia wa barabara ya Bububu walikuwa wakigeuza shingo. Nikiwasikia hivyo moyo unatulia, najiambia leo sikuharibu. Kulikuwa na kijana mmoja, Idi, mtoto wa seremala, aliyefika thelathini bila ya kuvuta pumzi. Siku moja nilimpa bakuli la kokwa za ubuyu, tulizozifyonza wenyewe tukazikosha. Nikamwambia, "Idi, nipe tano." Akalinyanyua bakuli akanimwagia zote mapajani.

"Idi, mbona zote?"

"Tano zimo humo humo, Mwalimu."

Bi Mwanajuma alikuwa mlangoni na mwiko wake wa uji. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia neno ambalo nakupeni nyinyi kama lilivyo: "Huyo anajua wimbo. Ukitaka kujua kama mtoto anajua tano, usimwambie ahesabu. Mwambie akupe."

Basi tukaanza na vikombe. Bi Mwanajuma alikuwa hagawi uji yeye. Kila siku mtoto mmoja anapewa kazi: aende kwenye kabati, alete vikombe, kila mtoto kikombe kimoja. Haambiwi vingapi. Siku za mwanzo mtoto anakwenda na kurudi kama mara kumi na tano, kimoja kimoja. Wiki nyingine anajifunza kubeba vitatu. Kisha siku moja utamuona anasimama, anawatazama wenzake waliokaa kwenye mkeka, midomo inamcheza, anakwenda kabatini anarudi na vikombe sawasawa. Siku hiyo msipige makofi. Nilipiga makofi, mtoto akashtuka akavidondosha. Mnyamazieni, mmiminieni uji.

Viatu navyo. Mtaona mlangoni asubuhi kuna ndara zimezagaa kama zimemwagwa na gari. Mimi nilikuwa nazipanga mwenyewe, kwa sababu siwezi kuona kitu kimekaa upande. Bi Mwanajuma akaniambia, "Unawanyang'anya kazi yao." Tokea hapo wakapanga watoto. Kila kimoja kitafutiwe mwenzake; kikubwa na kikubwa, chekundu na chekundu; vya kulia upande huu na vya kushoto upande ule. Hapo mna kulinganisha, kupanga makundi, na kuhesabu kwa mbili mbili, na hakuna hata chati moja. Mtihani wenyewe ni siku kimoja kimebaki peke yake. "Huyu hana mwenziwe!" Hapo ndipo wanapofahamu kitu kinachogawika na kisichogawika. Wala msiwaambie jina lake. Jina litakuja mbele ya safari.

Niliwahi kuwapeleka Forodhani asubuhi, nimeandaa karatasi ya kuandika: miti mingapi, mabenchi mangapi, mizinga mingapi. Nilikuwa nimekwenda siku moja kabla nikahesabu mwenyewe mara mbili, ili majibu yangu yawe sahihi. Tulipofika, wakahesabu paka. Paka wa Forodhani mnawajua. Wanahesabiwa, wanahama, wanarudi. "Huyu nshamhesabu!" "Hujamhesabu, yule alikuwa na mkia!" Waligombana saa nzima juu ya jambo moja gumu katika hesabu, nalo ni kutohesabu kitu kimoja mara mbili. Na mimi nilikaa kwenye benchi nataka kulia, kwa sababu karatasi yangu haikuwa na mstari wa paka.

Na masinia. Hili nalipenda. Kila mtoto wa hapa ameshaona khitma au harusi, watu wamekaa kwenye mikeka na sinia la pilau katikati yao. Nikawauliza, "Wamekuja watu kumi, tutoe masinia mangapi?" Nilidhani nimeuliza swali kubwa mno kwao. Mtoto wa kike akaniuliza, "Wanaume au wanawake?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Wanaume wanne sinia moja. Wanawake watano. Watoto wanapachikwa tu."

Akajibu mwenyewe: wanawake, masinia mawili, wanaume mawili na wawili watakaa na bwana harusi. Ana miaka mitano na nusu. Kwa hivyo msije mkaambiwa na mtu kwamba kugawanya ni kazi ya darasa la tatu.

Sasa mtauliza, ikiwa uliyajua yote haya, ulimkosaje yule mtoto? Nilimkosa kwa sababu niliyafanya haya kama mchezo wa kati ya masomo. Moyoni nilikuwa naamini hesabu ya kweli ni ile inayoandikwa kwenye karatasi. Na mwisho wa mwaka nilitoa karatasi.

Jina lake Salha. Alikuja kati ya mwaka. Mama yake alikuwa akikaa na mume Mangapwani. Walipoachana akarudi kwa mama yake mzazi pale Mtoni, na mtoto mkononi. Mama Salha akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko mjini, anatoka asubuhi anarudi baada ya alasiri. Mtoto akawa analelewa na bibi yake. Alikuwa na miaka sita, kimya, macho makubwa. Wenzake wakiimba moja mpaka ishirini, yeye anatazama tu. Niliandika kwenye daftari langu: *haimbi*. Sikujiuliza zaidi.

Mwisho wa mwaka nikawaita mmoja mmoja. Nilikuwa na orodha ya maswali matano, nimeipigia mistari kwa rula, alama kwa wino wa kijani na mwekundu. Swali la pili lilikuwa rahisi kuliko yote: nanyanyua vidole, mtoto anataja ngapi.

Nikamnyanyulia Salha kidole kimoja. "Hii ngapi?"

"Tatu."

Nikanyanyua viwili.

"Sita."

Nikadhani anabahatisha. Nikanyanyua vinne. Akasema, "Kumi na mbili." Nikanyanyua mkono mzima, vidole vyote vitano. Akautazama mkono wangu, akatazama uso wangu, akasema tena, "Kumi na mbili."

Hapo nikaamini. Mtoto anayesema vinne na vitano ni sawasawa hajui kitu. Nikamwambia, "Nioneshe tisa." Akanionesha vidole vitatu. Nikaandika jibu kwa wino mwekundu. Nikamuuliza maswali yaliyobaki, lakini nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa sisikilizi tena. Mwisho wa karatasi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Hajui kuhesabu. Arudie mwaka.*

Bi Mwanajuma alitia saini zote kwa pamoja, alikuwa na masufuria motoni. Jumatatu karatasi zikaenda nyumbani. Kuandikisha darasa la kwanza kwenye skuli ya serikali kulikuwa kunafungwa Ijumaa ile.

Jumanne, watoto wachache walikuwa bado wanakuja kunywa uji, Salha mmoja wao. Walipomaliza, Bi Mwanajuma alikuwa ameinama kwenye karo la kuoshea vyombo, mikono imejaa povu. Bila ya kugeuka akasema, "Salha, hebu nitazamie, vikombe vingapi vimebaki kwenye mkeka?"

Salha hakusogea. Alivitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia ubavuni, na nikaona dole gumba linatembea juu ya vidole vyake, polepole, kama linapapasa kitu.

"Saba," akasema.

Nikavihesabu mimi. Saba.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Kabahatisha."

Bi Mwanajuma akageuka na povu lake. "Kabahatisha saba? Mtu habahatishi saba, Nuru. Watu hubahatisha tano, hubahatisha kumi. Saba huhesabiwa."

Nikapiga magoti mbele ya Salha. Nikamwambia anioneshe alivyojua. Akaunyanyua mkono wake. Akaweka ncha ya dole gumba kwenye kidole kidogo, pingili ya chini. "Moja." Pingili ya kati. "Mbili." Pingili ya juu. "Tatu." Akahamia kidole cha pili: nne, tano, sita. Akahamia cha tatu, pingili ya chini. "Saba."

Nyote mmeshawaona wazee wetu baada ya sala, asiye na tasbihi, akivuta uradi kwa pingili za vidole. Kidole kimoja pingili tatu. Mimi mwenyewe baba yangu alikuwa akivuta hivyo hivyo, nimemuona maisha yangu yote. Nikanyanyua kidole kimoja.

"Hii ngapi, Salha?"

"Tatu." Alinitazama kama mtu aliyekwisha jibu swali hilo juzi.

"Na hivi vitano?"

"Kumi na mbili."

"Hivi vinne?"

"Kumi na mbili."

"Kwa nini ni sawasawa?"

"Dole gumba halihesabiwi, Mwalimu. Ndilo linalohesabu."

Nikamuuliza anajua kufika wapi. Akasema, "Thelathini na tatu." Nikamwambia anioneshe, nikidhani atahesabu moja moja mpaka tuchoke. Akasema tu, "Mkono mzima, tena mkono mzima, kisha vidole vitatu." Nilikwenda nyuma ya mlango nikapiga hesabu yangu. Kumi na mbili, na kumi na mbili, na tisa: ile ile thelathini na tatu ya uradi. Wenzake walikuwa wanaimba mpaka ishirini, na huyu alikuwa akizidisha na kujumlisha kimya kimya, na mimi nimemwandikia kwa wino mwekundu.

Sasa nakwambieni nililolifanya baada ya hapo, ambalo naona haya kulisema kuliko kosa lenyewe. Sikufanya kitu. Jumatano nzima nilinyamaza. Nilikuwa na orodha yangu ya darasa, ukurasa mmoja, majina yote, nani anapanda na nani anarudia, kwa mwandiko mmoja, hakuna hata herufi moja iliyofutwa. Miaka minne ya kazi na hiyo ndiyo ilikuwa orodha ya kwanza iliyotoka bila ya kovu. Nilijiambia, pengine akirudia mwaka haitamdhuru. Nilijiambia, mdogo bado. Nilijiambia, nitamsomesha mimi mwenyewe mwakani, vizuri zaidi. Mtu mwenye hofu hakosi maneno mazuri. Nilishinda siku ile nafuta vumbi kwenye chati ya plastiki.

Alhamisi asubuhi nikamwambia Bi Mwanajuma. Nilitaka anifokee, ingekuwa nyepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akaitoa orodha.

"Kata," akasema.

"Niiandike upya, Bi? Nina karatasi nyingine, nusu saa tu nitakuwa—"

"Usiiandike upya. Kata hapo hapo, uandike la kweli pembeni. Anayeitazama ajue ulikosea."

Nikakata. Mstari wenyewe ukaenda upande.

"Na hawa wengine uliowaandika warudie?"

"Wawili."

"Waite, uwaulize tena mbele yangu. Leo." Tukawaita, tukawapa kokwa, tukawapa vikombe. Mmoja kweli alikuwa bado. Mwengine, Idi, alipoambiwa anipe tano alinipa tano, kisha akanipa na ya sita, "hii yako, Mwalimu." Naye nikakata niliyomwandikia, nikaandika la kweli pembeni.

Bi Mwanajuma akaandika barua mbili za kupeleka darasa la kwanza, akazipiga muhuri. Ya Idi ilichukuliwa na baba yake pale pale. Ya Salha akanipa mimi. "Mama yake yuko kazini mpaka alasiri. Nenda ukamsubiri. Na maneno useme wewe, mie sitii neno."

Nyumba yao iko nyuma ya barabara, upande wa kushukia kwenye magofu ya kasri. Nilifika mara mbili mlangoni nikarudi. Mara ya tatu nikapiga hodi. Mama Salha alikuwa ndio kwanza amefika, bado ana sare za kazini, mikono imevimba kwa sabuni. Kwenye mlango wa chumba karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwa gundi, wino mwekundu unaonekana tokea uani.

Nikasema. Sikupamba. Nikamwambia mtoto anahesabu, tena zaidi ya wenzake, na aliyekosea ni mimi, na barua hii hapa, na kesho ndio mwisho.

Aliisoma barua mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Mwalimu, mie nshawaambia watu wote. Nshampigia simu shangazi yake Mangapwani, nikamwambia mtoto wenu anarudia mwaka. Wakanicheka. Wakasema, anakaa kwa bibi anadekezwa."

"Nisamehe, mama Salha."

"Ngoja. Hukumaliza kusikia. Tokea Jumatatu simuachi kukaa na bibi yake alasiri. Walikuwa wakikaa kila siku baada ya sala. Nkaona ndo maana mtoto hajui kitu, wamekaa wanapoteza wakati. Nkamnunulia vijiti vya kuhesabia, nkamfungia chumbani avihesabu. Na mama yangu nikamwambia, wewe ndo unayemharibu." Aliipiga barua kwa mgongo wa mkono. "Mama yangu mzazi, Mwalimu. Nimemwambia hivyo, kwa sababu ya karatasi yako."

Alinionesha chumba cha ndani kwa kidevu.

"Yumo humo. Kamwambie wewe."

Bibi alikuwa amekaa juu ya mswala wake, ameshasali, leso mabegani. Nikamwamkia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa chini nikarudia yote tena, na mara hii nilisema vibaya zaidi, nikakwama, nikaanza upya. Nikamwambia kwamba yeye kamsomesha mjukuu wake hesabu ambayo mimi sikuweza kuiona. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno hayo njia nzima.

Alinitazama kwa mshangao. "Hesabu? Mie?" Akacheka mpaka akaziba mdomo. "Mwanangu, mie sikumsomesha hesabu. Mie nlikuwa nataka anyamaze nimalize uradi wangu. Mtoto yule akiwa nyumbani ana maneno! Bibi hiki nini, Bibi kile nini. Nkamwambia, hebu nishikie hesabu, mie mzee nasahau mkono wa ngapi. Ndo akanyamaza." Akajikuna mkono. "Baadaye ikawa kweli. Mie nasahau, yeye hasahau."

"Mama yake kakwambia unampotezea wakati. Maneno hayo yalitoka kwangu, Bibi."

"Najua. Kwani mie sijui karatasi imetoka wapi? Na sasa anakwenda la kwanza, au hendi?"

"Anakwenda. Barua anayo mama yake."

"Alhamdulillahi. Basi, mie sina kitu na wewe. Ila tokea Jumatatu navuta uradi, na wallahi sijui hata siku moja kama ulitimia." Akageuza uso upande wa chumba cha pili. "Salha!"

"Naam, Bibi."

"Njoo."

Mtoto alitokea, kijiti kimoja bado kimo mkononi. Hakuja moja kwa moja. Alisimama akamtazama kwanza mama yake aliyeziba mlango na sare zake za kazi. Mama yake alijisogeza ukutani apite akamshikie bibi yake hesabu.